Mbegu Nyekundu kwa Mbwa wa Moto

Mtoto wa mdogo wangu alikuja likizo kutoka Lubumbashi na kasha la karata za wanyama, zile za kupigana. Akazitandaza juu ya mkeka wangu na kuniuliza, kwa kale kadharau ka watoto wa mji mkubwa, "Tantine, nitie gani ya kwanza?" Nilijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye mboga niliyokuwa nikichambua. Nilimwambia atoe lile zimwi la bei kubwa, aweke wale wadogo wawili wa moja, na yule wa mbili mwenye kupiga tatu, wala asihangaike na roho zao, maana kazi yao si kuishi. Mdogo wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kunitazama. Mke wa mtu, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, mambo hayo amejifunzia wapi? Nikasema nimeyasikia mahali. Basi ninyi wa umri wangu mliokulia Kamina, wacha niwaambie ni mahali gani, maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Papa alikuwa karani wa shule ya misheni, mtaa mzima walimwita Papa Sekretere. Makasha ya vitabu vya msaada yalipofika, yeye ndiye aliyeyafungua, na mimi nilikwenda kumsaidia kupanga. Katikati ya vitabu kulikuwa na kopo la biskuti limejaa karata zenye picha za viumbe vya pembe, meno na mabawa. Papa alizishika kwa ncha za vidole. "Karata ni kintu ya balevi," alisema. "Peleka, uchome." Nilizipeleka nyuma ya shule kwenye shimo la takataka, nikachoma makaratasi yaliyofunika kopo ili moshi uonekane, karata nikazificha ndani ya sketi. Nyumbani kwetu kosa lilikuwa na fimbo tatu na uongo ulikuwa na fimbo sita, na nilikuwa nimeanza na sita tayari.

Karata za namna ile hazichezwi peke yako, kwa hiyo nilimgawia nusu Chancelle, niliyeketi naye benchi moja darasa la sita. Baba yake alikuwa askari kutoka jimbo la Équateur, wakiishi kule base, kambi ya jeshi nje ya mji. Siku za masomo Chancelle alilala mjini kwa shangazi yake aliyeuza sabuni sokoni, na kila Ijumaa alasiri alipanda gari la posho la jeshi kurudi kwao. Nilimpenda na nilimwogopa kidogo. Alikuwa na macho ya kutulia, na hakuwa mtu wa kuharakisha jambo lolote.

Maandishi ya karata yalikuwa ya Kiingereza na hakuna tuliyemjua wa kutusomea, basi tulisoma namba. Namba ya juu kwenye kona tuliamua kuwa ni darasa. Kila zamu unaweka chini punje moja, na punje zako zikifikia darasa la karata, unaiingiza. Yenye moja ni mwanafunzi wa darasa la kwanza, anaingia mapema. Yenye sita anangoja hadi punje sita. Namba mbili za chini zilikuwa nguvu ya kupiga na roho ya mnyama. Sisi wenyewe kila mmoja alikuwa na roho ishirini, tulizozichora kwa mkaa juu ya sementi ya nyumba moja mbovu nyuma ya shule. Pembeni ya darasa palikuwa na alama ya rangi, tukasema punje lazima ifanane na karata: karata nyeusi zinataka maharage meusi, nyekundu zinataka punje nyekundu. Na mshindi anakula punje za aliyeshindwa, kula kweli, anaondoka nazo akazikaange. Chancelle alinishinda mara nyingi, na kila Ijumaa alimpelekea mahindi yangu Dieumerci, mdogo wake wa miaka mitatu.

Yeye alicheza nyeusi, na wakubwa wake walichelewa kufika. Mimi nilicheza nyekundu kwa sababu sikuwa na subira, sina hata leo, mume wangu atawaambia. Alhamisi ile, Mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilijifungia chumba cha kuwekea mahindi nichague upya. Nilimwondoa nyoka mwenye mabawa, wa darasa la sita, mzuri hata nikamhurumia. Nilimwondoa kikongwe mwenye mwenge, kwani wa darasa la kwanza anayepiga moja tu anakula zamu yako bure. Niliwabakiza panya wenye panga, kila mmoja anapiga mbili, roho moja. Nikawabakiza pacha wenye pembe, darasa la pili, wanapiga tatu. Nilipiga hesabu kwa vidole: nikimpata wa kwanza zamu ya kwanza, wa pili zamu ya pili, na nisiache kupiga, Chancelle angekwisha kabla mkubwa wake hajavuka mlango. Mmoja tu ndiye aliyekosekana, mbwa wa moto. Darasa la kwanza, anapiga mbili, roho mbili. Hiyo roho ya pili ndiyo iliyonitesa, maana wadogo wa Chancelle walipiga moja moja, na mbwa angelipigwa leo na kesho akapiga tena. Lakini mbwa alikuwa kwa Chancelle. Tulipogawana alimchagua wa kwanza kabisa, karata nyekundu asiyoweza kuitumia, ili tu mimi nisiwe naye.

Ningeweza kumnunua kwa kitu gani? Punje zangu zilikuwa mahindi ya kawaida niliyoyapaka wino mwekundu wa Papa, na Chancelle alikuwa amekwisha kuyakataa. "Rangi yako inabakia ku bidole," alisema. "Dieumerci alikuwa na mudomo mwekundu siku mbili. Leta ya kweli."

Na ya kweli ilikuwepo pale pale, ndani ya mfuko uliosimama pembeni yangu. Papa alikuwa amepewa mbegu ya mahindi ya mradi kwa shamba letu la njia ya Kaniama. Zilikuwa nyekundu zote, nyekundu ya kung'aa, na zilinuka harufu kali ya dukani ambayo mimi niliiona nzuri. Papa alikuwa ametuambia tusiguse. Niliona pia kwamba kila alipozigusa alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, hadi kwenye viwiko. Lakini Papa alinawa hivyo hata kabla ya kushika Biblia. Mimi nilielewa kwamba mbegu bora ni kitu cha heshima, na kwamba Papa hataki tupunguze. Nilichota kopo moja la maziwa, likajaa hadi juu.

Ijumaa baada ya masomo nilimwekea Chancelle kopo lile mbele. Alizitazama kwa muda mrefu, akaingiza kidole, akakitazama kidole. Kulikuwa na rangi kidogo, lakini si kama wino. "Kopo nzima?" aliuliza. "Kopo nzima, kwa mbwa," nilisema. Akamtoa mbwa, akamlaza kando ya kopo: mshindi angechukua vyote viwili.

Sijawahi kucheza vile tena, hata katika mambo ya maana zaidi ya karata. Panya aliingia zamu ya kwanza. Zamu ya pili panya mwingine, na yule wa kwanza akapiga. Pacha wakafuata. Chancelle aliweka maharage yake taratibu, moja, moja, akafuta roho zake kwa kidole gumba. Kumi na nne. Tisa. Punje moja niliishika kati ya midomo bila kuiuma, kama fundi anavyoshika msumari. Akabaki na nne. Kwenye harage la tano aliingiza mwanamke mwenye mwili wa mti, roho nane, akamsimamisha mbele. Panya wangu walikufa kwake mmoja mmoja. Pacha mmoja alipenya, Chancelle akabaki na roho moja, moja tu, na mimi sikuwa na mtu mwingine mkononi isipokuwa wadogo. Zamu chache baadaye roho zangu zote zilikuwa zimefutwa.

"Batoto bako banakimbiaka muzuri," Chancelle alisema akikusanya, na hakusema kwa ubaya. Alimwaga mbegu zangu ndani ya kitambaa cha kichwa, akafunga fundo, akaenda kupanda gari la posho. Mimi nilibaki pale nikiwa na hasira ya mbwa.

Jioni ile jirani yetu, baba Banza, alikuja wakati tunakula bukari, ugali wetu wa mahindi. Nyumbani kwake mahindi yalikuwa yamekwisha, na mapya bado. Alimwuliza Papa kwa kuzungukazunguka kama kile kitakachobaki cha mbegu ya mradi hakiwezi kuoshwa na kusagwa. Papa aliweka tonge chini. "Baba Banza, hapana. Ile rangi ni sumu ya badudu. Kule Kaniama kuko bantu balisafisha na maji mara tatu, balipika. Tulienda kubazika." Akampa kikapu cha mihogo, jirani akashukuru, akaenda. Mama akasema Mungu atulinde.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu, pale mezani. Kusema ilikuwa maneno matatu au manne. Lakini niliyaona yote yakiwa yamepangwa nyuma yake: mbegu zilizoibwa, karata ambazo nilisema nimezichoma, mchezo wa kuwekeana dau, katika nyumba ya Papa Sekretere. Nikaanza kujitetea kichwani mwangu kama wakili. Chancelle ana akili. Atazichezea, hatazikaanga. Mama yake ataona rangi. Tena gari la posho limekwisha kwenda, nikisema leo nitasaidia nini? Nilisali, nikamwambia Mungu azisafishe, nikalala. Ndiyo, nililala usingizi, na hilo nalo linaniuma.

Jumamosi tulikwenda shambani kupanda. Papa alivuta kamba na kuchimba, Mama alitia mbegu mbili mbili akiwa na mifuko ya plastiki mikononi, mimi nilifukia kwa mguu. Kila mashimo yale mekundu yalipopita chini ya vidole vyangu nilimwona Dieumerci. Jua lilipofika utosini mbegu ziliisha, na mistari miwili bado. Papa alihesabu mistari. Alikuwa mtu wa kuhesabu, alijua mfuko ule unatosha wapi. Akautikisa, akaugeuza ndani nje.

Nilingoja akasirike. Badala yake uso wake ukabadilika rangi. "Banza," alisema. "Atakuwa alirudia kuchukua. Mungu wangu, atazipikia batoto." Akatupa jembe, akaanza kukimbia kuelekea mjini, mtu mzima mwenye tai siku za kazi, anakimbia peku juu ya matuta. Hakusema mwizi. Hakusema mbegu yangu. Pale nikaelewa kwamba tangu jana nimekuwa nikiogopa kitu kisichokuwepo, na kile cha kuogopwa nimekiacha kilale usiku mzima kwa watu.

Nilimkimbilia, nikamshika shati kwa nyuma. "Papa, haiko baba Banza. Njo minyi nilichukua."

Alisimama. Nilisema yote kwa pumzi moja, kopo, karata, Chancelle, base. Hakuniuliza kwa nini.

"Ulijua lini kama iko sumu?"

"Jana. Pale ulimwambia baba Banza."

Alinitazama, kisha akatazama jua, na najua alichokuwa akihesabu. Akanishika mkono, tukaenda.

Alipita nyumbani kuchukua karatasi iliyoshonwa kwenye mfuko wa mbegu, ile yenye kichwa cha mfu, ambayo aliihifadhi pamoja na risiti zake. Aliazima pikipiki ya mkurugenzi wa shule. Barabara ya base ilikuwa mchanga juu ya mchanga, na mvua ya juzi ilikuwa imechimba mito katikati. Tulianguka mara moja, Papa akainua pikipiki bila kutazama goti lake. Nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma, na kupitia shati nilisikia kwamba anasali, lakini si kwa sauti.

Pale kwenye kizuizi askari alitaka karatasi ya ruhusa ya kuingia. Papa akasema anatafuta nyumba ya fulani, mtoto wao ni mgonjwa. Askari akajibu, "Unajuaje? Bamemupeleka sasa hivi ku dispensaire." Papa akageuza pikipiki, tukaenda moja kwa moja kwenye zahanati yao.

Dieumerci alikuwa amelazwa juu ya meza, amevuliwa nguo. Alikuwa analowa jasho, mate yanamtoka bila kukoma, na tumbo lilikuwa linacheza peke yake. Chumba kilinuka matapishi. Muuguzi alikuwa amemwekea dripu ya malaria. Mama yake Chancelle alimshika miguu, wanawake wengine wa askari wamejaa mlangoni, na Chancelle amesimama ukutani, mikono nyuma.

"Alikula nini?" Papa aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Mahindi ya kukaanga tu," mama yake alisema. "Asubui. Mukono moja. Bengine hatuyakule bado."

Papa akampa muuguzi ile karatasi. Muuguzi aliisoma, akaisoma tena, akafungua kope za mtoto kwa vidole. Vitundu vya macho vilikuwa vidogo kama ncha ya kalamu. Akatoa ile dripu, akapiga kelele aletewe ufunguo wa kabati la dawa za jeshi. Alimchoma sindano, akangoja akiangalia saa, akamchoma nyingine. Sisi sote tulingoja pamoja naye. Sijui ilichukua muda gani. Mate yalipungua kwanza. Kisha Dieumerci akalia, kilio chembamba cha kukasirika, na muuguzi akaketi chini kwenye ndoo iliyofunikwa.

Ndipo mwanamke mmoja mlangoni akauliza swali ambalo wengine walikuwa wanalo. Aliuliza ni nani huko mjini anayewapa watoto wa askari mahindi ya sumu. "Bantu ba hapa hawajawahi kutupenda," alisema. Wengine wakaitikia, na duara likabana. Papa alivua kofia. "Mbegu ni yangu," alisema. "Ya nyumba yangu. Batoto balicheza nayo. Hakuna mutu mwingine."

Mama yake Chancelle hakumtazama. Alinitazama mimi. "Weye," alisema. "Ulimupa mutoto wangu, na ulijua?"

"Hapana, Mama," nilisema, na hilo lilikuwa kweli.

"Ulikuya kujua lini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari, ninaapa nilikuwa tayari kusema jana. Lakini Papa aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, mzito, akajibu kabla yangu.

"Leo saa sita. Tulikuwa ku shamba. Vile alijua tu, alinikimbilia."

Alisema kwa sauti ile ile aliyosomea matangazo kanisani. Mtu wa fimbo sita. Nilitazama juu, na hakuteremsha macho yake kwangu. Mpaka leo sijui alinilinda mimi, au aliwaogopa wale wanawake, au ni heshima ya jina lake aliyoiokoa. Hatukulizungumza hata siku moja. Hakunipiga, na ningelipendelea anipige. Sasa amekwisha kufariki, na ninyi ndio watu wa kwanza kusikia kwamba Papa Sekretere alisema uongo.

Mama yake Chancelle aliacha miguu ya mtoto, akanishika uso kwa mikono miwili. Alikuwa analia. Aliwaambia wale wanawake kwa Lingala, na Chancelle akanigeuzia kwa Kiswahili kwa sauti ndogo, kwamba mtoto huyu amepita mchanga wote ule kuja kuokoa ndugu yake, na kwamba mwingine angelinyamaza kwa kuogopa kupigwa. Chancelle alipomaliza kugeuza aliongeza la kwake. "Asante, Ngoie," alisema. Yeye ambaye hakuwahi kunishukuru kwa kitu.

Hawakukubali tuondoke hivi hivi. Dieumerci alipolala, tulipelekwa nyumbani kwao, chumba kimoja, na mama yake akapika unga wa mwisho uliokuwa ndani ya pipa, nilimwona akikung'uta pipa. Akaweka bukari na samaki mmoja mbele yangu peke yangu, sahani ya kwangu, kama mgeni mkubwa. Chancelle na dada zake walisimama kando na kutazama. Niligeuka kwa Papa, nikitumaini atasema tumeshiba.

"Kula," Papa alisema.

Nikanawa mikono. Nikala yote, na kila tonge Chancelle alinisogezea samaki karibu.